Kichocho Kinatula Kidogo Kidogo

Ukienda Mwaloni Kirumba alfajiri utakuta kazi imepamba moto. Mitumbwi na boti kutoka Ukerewe, Kome na visiwa vingine zinashusha dagaa na samaki. Vijana wanaingia majini mpaka kiunoni, wanatoka na magunia mabegani. Akina mama wanapima dagaa kwa sado na kwa debe. Malori yanasubiri mzigo wa kwenda mikoani, na mwingine wa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi.

Katika watu hao wote, wamo wagonjwa. Lakini huwezi kuwajua kwa kuwatazama tu, maana hawakulala kitandani. Wako kazini. Mmoja anabeba magunia kumi badala ya ishirini, kisha anakaa chini na kusema, "Leo sina nguvu." Mwingine tumbo linamsokota tangu jana. Anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vya maumivu, anarudi kazini. Kesho kutwa linamsokota tena.

Kuna magonjwa yanayokuja kwa ghafla, kama kipindupindu. Yakija, kila mtu anajua, mji mzima unashtuka. Kuna na magonjwa sugu. Haya yanakaa mwilini miezi na miaka, na mgonjwa anaendelea na kazi zake mpaka anaanza kudhani ndivyo alivyoumbwa. Presha ni ugonjwa sugu. Kisukari ni ugonjwa sugu. Lakini sisi tunaoishi kando ya ziwa tunao ugonjwa sugu wetu wenyewe, wa tangu zamani. Huo ni kichocho.

Watu wanaufahamu kwa jina. Wengi hawafahamu unawagharimu kiasi gani. Ndiyo maana leo tunauandika.

WAGONJWA NI WENGI KIASI GANI?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 duniani walihitaji dawa ya kuzuia kichocho. Sehemu kubwa sana ya watu hao wako Afrika. Na katika Afrika, nchi inayotajwa kuwa na wagonjwa wengi kuliko zote ni Nigeria. Ya pili ni Tanzania, yaani sisi.

Hapa kwetu mwambao wa Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zilizoathirika zaidi. Hapa Mwanza kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ile inayoitwa kwa kifupi NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Bugando, wamekwenda vijijini mara nyingi kupima choo na mkojo. Katika baadhi ya vijiji vya mwambao na visiwani, zaidi ya nusu ya watoto wa shule wamekutwa na kichocho cha tumbo. Fikiri darasa la watoto 60. Zaidi ya 30 wana minyoo ndani ya mishipa ya damu, na mwalimu anashangaa kwa nini hawashiki masomo.

Tumetaja kichocho cha tumbo. Ni kwa sababu vichocho viko viwili. Kipo cha tumbo, ambacho mgonjwa anaharisha mara kwa mara, pengine anatoa damu kwenye choo kikubwa. Hiki ndicho cha ziwani, cha Kirumba, cha Ukerewe na cha visiwa vyote. Kipo na cha mkojo, ambacho mgonjwa anakojoa damu. Hiki kwa mkoa wetu kiko zaidi bara, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, kule Misungwi, Kwimba na kuendelea hadi Shinyanga. Mtu wa Kirumba mwenye shamba la mpunga Misungwi anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Ugonjwa huu si wa jana. Maiti za kale za Misri, zilizohifadhiwa kwa dawa miaka karibu 3,000, zilipochunguzwa mwaka 1910 zilikutwa na mayai ya kichocho. Mnyoo wenyewe aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Ndiyo maana wazee wetu waliosoma zamani wanauita bilhazia.

MUME NA MKE NDANI YA MSHIPA

Kichocho kinaletwa na minyoo. Lakini si kama ile minyoo mirefu ambayo mtoto anaitoa kwenye choo ukaiona kwa macho. Minyoo ya kichocho ni midogo, urefu wake kama sentimita moja hivi, na haikai ndani ya utumbo. Inakaa ndani ya mishipa ya damu. Kwa hiyo usitegemee kuiona hata siku moja.

Minyoo hawa wanaishi wawili wawili. Dume ana mfereji mwilini mwake, na jike analala ndani ya mfereji huo. Wanakaa hivyo miaka mitatu, mitano, na wengine kumi au zaidi. (Ndoa ya namna hiyo wengi wetu tungeitamani, kama isingekuwa inakaa ndani ya damu yetu.)

Kazi ya jike ni kutaga mayai. Yule wa kichocho cha tumbo anataga mayai kati ya 100 na 300 kila siku. Karibu nusu ya mayai hayo yanatoka nje kwa choo. Nusu nyingine yanabaki ndani ya mwili, na hapa ndipo ubaya ulipo. Mnyoo mwenyewe hatuumizi sana. Mayai ndiyo yanayotuumiza. Yanakwama kwenye utumbo na kwenye ini, na mwili unayazungushia makovu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme jike mmoja anataga mayai 100 tu kwa siku, na 50 yanabaki mwilini. Kwa mwaka ni 50 mara 365, yaani mayai 18,250. Hayo ni ya jike mmoja, na mvuvi wa muda mrefu anaweza kuwa nao wengi sana.

Mayai yanayotoka kwa choo yakifika majini yanapasuka. Kila yai linatoa kijidudu kinachoogelea kumtafuta konokono. Kisipompata ndani ya saa chache kinakufa. Kikimpata kinaingia ndani yake na kuzaana. Baada ya majuma kadhaa konokono huyo mmoja anaanza kutoa majini vijidudu vipya maelfu, hasa jua likiwa kali mchana. Vijidudu hivi ndivyo vinavyotafuta ngozi ya mtu. Vinaweza kuishi majini siku moja hadi mbili, na vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Pengine utasikia muwasho kidogo, pengine hutasikia kitu.

Kwa hiyo si kweli kwamba kichocho kinapatikana kwa kurogwa. Tena si kweli kwamba ukichemsha maji ya kunywa umemaliza kazi. Kuchemsha maji ya kunywa ni kuzuri sana, kunazuia kuhara na homa ya matumbo. Lakini kichocho kinaingia kwa ngozi, wakati wa kuoga, kufua, kuvua, kushusha mzigo na kuosha vyombo.

Konokono hawa ni wadogo na wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na ufukwe. Pale penye magugu maji wanapata makao mazuri. Wavuvi nao wana neno hapa. Kule Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, watafiti waliona kichocho kimeongezeka katika sehemu ambazo samaki wanaokula konokono walikuwa wamevuliwa kupita kiasi kwenye maji ya kina kifupi. Basi nyavu za macho madogo na makokoro karibu na ufukwe hayaharibu samaki tu.

DENI LISILOANDIKWA

Sasa tuje kwenye fedha.

Mtu akivunjika mguu anajua hesabu yake. Ametumia kiasi hiki kwa hospitali, amekaa nyumbani miezi miwili, ameuza mbuzi wawili. Hesabu iko wazi na ndugu wote wanaijua. Kichocho hakifanyi hivyo. Kinachukua senti leo, senti kesho, na hakuna anayeandika.

Tumchukue mbeba mizigo mmoja wa mfano. Tuseme siku anayofanya kazi anapata shilingi 10,000. Tumbo na uchovu vinamfanya akose kazi siku mbili kila mwezi. Hapo amepoteza shilingi 20,000. Tena kila mwezi ananunua dawa za duka za shilingi 3,000: leo za maumivu, siku nyingine za amiba, siku nyingine za vidonda vya tumbo, maana kila mtu anamwambia lake. Jumla ni shilingi 23,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 23,000 mara 12, ambazo ni shilingi 276,000. Kwa miaka mitano ni shilingi 1,380,000.

Hizi si takwimu za serikali. Ni hesabu ya mfano tu. Wewe futa namba zetu, weka zako. Andika siku ulizokosa kazi mwezi uliopita kwa ajili ya tumbo au uchovu. Andika fedha ulizopeleka duka la dawa. Kama ulikwenda kwa mganga, andika pia na kuku wake. Zidisha kwa 12, uone.

Na bado kuna hasara ambayo hata kalamu haiikamati vizuri. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo usiku wa kazi kwa mwezi tayari una hesabu yake. Akiumwa usiku miwili mitatu ya giza zuri, haendi kuifidia wakati wa mbalamwezi. Imekwenda. Na mwenye chombo hamsubiri, anachukua mtu mwingine. Mgao wa siku hiyo anapewa aliyekwenda ziwani. Huyu wa nyumbani anakopa unga.

Mama anayeanika dagaa naye ni hivyo hivyo. Dagaa hawajui kwamba leo mama anaumwa. Wasipogeuzwa wanaoza, mvua ikinyesha wakiwa nje bei inaanguka, na wale aliowanunua kwa mkopo anadaiwa vile vile.

Kwa mtoto, hasara inakuja baadaye. Kichocho kinapunguza damu mwilini, kinazuia mtoto kukua vizuri, na kinamchosha darasani. Anashindwa mitihani, anaambiwa ni mvivu. Anaacha shule, anakwenda mwaloni kubeba mizigo ndani ya maji yale yale. Wazazi walilipia sare, madaftari na michango kwa miaka saba. Hiyo nayo iwekwe kwenye hesabu ya kichocho.

Wako watu wanaosema, "Aa, kichocho, nani hana? Baba yangu alikuwa nacho na alizeeka." Tunawasikia. Ni kweli wengi hawafi kwa kichocho. Lakini jambo linalomnyima mtu siku 24 za kazi kila mwaka na kumfanya mtoto wake arudie darasa si jambo dogo kwa sababu tu kila jirani analo. Kama mwizi angekuwa anaingia nyumba zote za Kirumba kila mwezi na kuchukua shilingi 23,000, tungeitisha mkutano.

SIKU DENI LINAPODAIWA LOTE

Baadhi ya wagonjwa wanafika mahali pabaya zaidi. Tutaeleza kwa mfano wa jaruba.

Mkulima wa mpunga anajua mfereji ukijaa matope maji hayapiti. Yanarudi nyuma, yanapanda, yanatafuta njia nyingine, na mwisho yanabomoa tuta mahali ambapo hukutegemea. Ini la mgonjwa wa kichocho cha tumbo cha miaka mingi linakuwa kama mfereji huo. Makovu ya mayai yanaziba mishipa. Damu inayotoka tumboni haipiti vizuri, inarudi nyuma. Bandama inavimba, unaweza kuigusa kwa mkono upande wa kushoto chini ya mbavu. Tumbo linajaa maji. Na ile damu iliyokosa njia inapita kwenye mishipa midogo ya bomba la chakula, lile linalotoka kooni kwenda tumboni. Mishipa hiyo haikuumbwa kwa mzigo mkubwa hivyo. Inavimba. Siku moja inapasuka.

Mgonjwa anatapika damu, na ni damu nyingi inayoweza kujaa karai. Mtu aliyekuwa anakula ugali jioni, usiku anatapika damu. Hapo ndipo watu wanaposema amerogwa, na saa za kumwokoa zinapotea kwa mganga.

Wengi wa wagonjwa hawa kutoka mikoa ya ziwa wanapelekwa Hospitali ya Bugando, ile iliyofunguliwa juu ya kilima mwaka 1971. Madaktari wa hapo walichunguza watu waliolazwa kwa kutapika damu, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Sababu iliyoongoza ilikuwa mishipa hiyo ya bomba la chakula kuvimba na kupasuka, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa na kichocho.

Fikiri gharama zake. Kwanza boti ya kumtoa kisiwani, pengine usiku na kwenye upepo. Kisha gari. Anahitaji chupa za damu, na ndugu wanaombwa wajitolee. Anahitaji kutazamwa kwa mpira wenye taa unaoingizwa kooni, na mishipa kufungwa. Akipona atameza dawa kila siku kwa muda mrefu na kurudi kliniki. Ndugu mmoja analala hospitali naye, na huyo naye hafanyi kazi. Nyavu zinauzwa, mtumbwi unauzwa, kiwanja kinauzwa. Na makovu ya ini yakishakuwa mengi hayafutiki yote, hata minyoo ikifa.

Ugonjwa huo wa mwisho ulianza miaka mingi nyuma, wakati ambapo ungeweza kutibiwa kwa vidonge vichache vya siku moja.

NENO KWA AKINA MAMA WA BARA

Hapa tunasema hasa na akina mama na dada zetu wa upande wa malambo na majaruba, kwenye kichocho cha mkojo. Akina mama wengi wa Kirumba wamezaliwa huko, kwa hiyo linawahusu pia.

Mayai ya kichocho hicho hayaishii kwenye kibofu. Yanaweza kukwama kwenye njia ya uzazi na kuleta vidonda. Mama anatokwa na uchafu au damu isiyo ya mwezi, anaumia akikutana na mumewe, pengine hapati mimba. Akieleza, anadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Anapewa dawa za zinaa, haponi. Mume anauliza, "Umeutoa wapi?" Nyumba zimevunjika kwa ajili hiyo, na kumbe mama aliupata ugonjwa alipokuwa msichana, akichota maji lamboni kwa ndoo ya nyumbani kwao. Wataalamu wanaona pia kwamba vidonda hivyo vinaweza kuvirahisishia njia virusi vya UKIMWI. Dada, kama umetibiwa zinaa mara mbili tatu na huponi, mwambie muuguzi, "Naomba mnipime na kichocho. Nimekulia kwenye malambo." Sema bila aibu. Maneno hayo mawili matatu yanaweza kumsaidia muuguzi kuliko maelezo mengi.

Na kwa wanaume, kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi bila dawa kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mahali pengi katika Afrika watu walizoea kuona kijana akikojoa damu wakasema amekuwa mwanamume. Hapana. Ni mgonjwa.

DAWA IPO, KWA NINI WENGINE HATUMEZI?

Zamani matibabu ya kichocho yalikuwa mateso. Zilikuwa sindano nyingi kwa siku nyingi, na zenyewe zilikuwa na sumu. Katika miaka ya 1970 ikapatikana dawa mpya, prazikwanteli. Ni ya vidonge, na kwa kawaida inamezwa siku moja. Ndiyo inayotumika mpaka leo kwa vichocho vyote viwili, nayo hugawiwa bure mashuleni wakati wa kampeni.

Lakini dawa hii ina sifa mbaya mitaani, nasi hatutaificha. Ni chungu. Vidonge ni vikubwa. Wengine baada ya kumeza wanapata kizunguzungu, kichefuchefu au tumbo kuuma, hasa wenye minyoo mingi, na hasa waliomeza bila kula. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, watoto wa shule walipewa dawa hii na baadhi wakatapika na kuona kizunguzungu. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa. Wazazi wakakimbilia mashuleni, fujo zikatokea, na ugawaji ukasimamishwa. Hatuwalaumu wazazi. Mtu akisikia mwanawe anakufa hawezi kukaa kufikiri. Lakini laiti wangeelezwa mapema kwamba kizunguzungu hicho ni cha saa chache na kinapita, na kwamba mtoto ale kwanza, pengine mambo yasingefika huko. Basi sasa wewe umeelezwa. Siku ya dawa, mpe mtoto uji mzito au kiporo kabla ya kwenda shule.

Kuna jambo jingine. Kwa miaka mingi dawa imegawiwa hasa kwa watoto wa shule. Mvuvi, mbeba mizigo na mama wa dagaa hawako shuleni, na wao ndio wanaoshinda majini. Mtoto anatibiwa, baba na mama wanabaki na minyoo, mayai yanarudi ziwani, mtoto anaambukizwa tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali ambapo katika kila watu 10 mmoja au zaidi ana kichocho, watu wote wa hapo wapewe dawa, kuanzia watoto wa miaka miwili hadi wazee. Kwa hiyo mtu mzima asione haya kuuliza zahanati. Wajumbe wa mitaa na viongozi wa mwalo nao waulize dawa ya watu wazima itafika lini, na iletwe saa ambayo wavuvi wako nchi kavu. Kugawa dawa saa ambayo wavuvi wamelala au wako kisiwani ni kazi bure.

Mjue pia kwamba dawa inawaua minyoo waliokomaa. Wachanga, wale walioingia majuma machache yaliyopita, wanapona. Tena dawa haikukingi na minyoo wapya. Ukimeza leo na kesho ukarudi majini, unaweza kuambukizwa tena. Ndiyo sababu tunapaswa kumeza mara kwa mara kama tunavyoelekezwa, na ndiyo sababu dawa peke yake haitoshi.

CHOO NA MWAMBA

Kichocho kingekwisha kama mayai yasingefika majini. Jambo hili lilisemwa nchi nzima mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kichocho kilikuwa moja ya magonjwa yaliyofundishwa.

Ni rahisi kusema "chimba choo". Kirumba na mitaa ya milimani ni mwamba mtupu, sululu inarudi. Ufukweni nako ukichimba mita mbili unakuta maji. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda sana, maji yaliingia mpaka kwenye nyumba na vyoo vya watu wa pwani. Na kwenye kambi za dagaa visiwani watu wanakaa miezi michache, kisha wanahama kufuata samaki. Nani atachimba choo cha miezi mitatu? Kwa hiyo choo cha mwaloni hakiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja mmoja. Ni kazi ya mwalo mzima. Wavuvi wengi wana vikundi vyao vya kusimamia mwalo, na kila mwalo una ushuru wake. Ni haki ya wananchi kuuliza katika mkutano sehemu gani ya ushuru huo inajenga choo na kukisafisha.

Wakati tukisubiri hayo, yapo ya kufanya nyumbani. Maji ya ziwa ukiyachota na kuyaweka kwenye pipa lisilo na konokono kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho vinakufa, unaweza kuyaoga. Mwenye pipa mawili anajaza moja huku anatumia jingine. Maji yaliyochemshwa ni salama. Kama ni lazima kuingia ziwani, asubuhi mapema ni afadhali kuliko mchana wa jua kali, na ukitoka jifute haraka kwa nguvu, ingawa hiyo si kinga ya kutegemea. Watoto wasicheze kwenye maji ya majani.

UKIFIKA ZAHANATI

Mwambie mganga au muuguzi kwamba unafanya kazi majini na kwa muda gani. Utaombwa choo kidogo kikaangaliwe kwa hadubini, ile darubini ya kuonea vitu vidogo sana, au mkojo. Siku nyingine mayai yanakuwa machache na hayaonekani, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa ulete tena. Mama mjamzito aseme kwamba ni mjamzito, na mwenye kifafa aseme, ili wapewe maelekezo yao.

Idadi ya vidonge haikadiriwi kwa macho. Utapimwa uzito kwenye mizani. Mashuleni wanatumia fimbo yenye alama, mtoto anasimama kando yake na urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge. Kipimo cha kawaida kwa kichocho cha kwetu ni miligramu 40 kwa kila kilo moja ya mwili, na kidonge kimoja kina miligramu 600. Mtu wa kilo 60 ni 60 mara 40, yaani 2,400. Gawa kwa 600, unapata vidonge vinne. Mtu wa kilo 45 ni vitatu, na wa kilo 75 ni vitano. Hesabu ya mwisho ni ya muuguzi, lakini ukipewa kidonge kimoja tu na wewe ni mtu mzima, una haki ya kuuliza. Kula kwanza, meza na maji mengi bila kutafuna maana ni vichungu kweli, kisha pumzika siku hiyo, usiende ziwani.

Na waulize urudi lini kupimwa tena.